Jina la Mtoto wa Saumu

Sogeeni. Mwenye mtoto amlaze mapajani, mwenye kazi ya mkono aendelee nayo. Hadithi ninayo, ila jibu lake sina. Jibu mtanipa ninyi.

Katika kijiji cha Mtondoo walikuwepo wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza ni Bi Mafunda. Yeye alijaliwa mikono. Akikukanda bega lililokaza, usingizi unakujia umekaa vilevile. Na kabla hajamgusa mtu, husugua kwanza viganja vyake mpaka vipate moto, asije akamshtua.

Wa pili ni Chausiku, binti yake Bi Mafunda. Yeye alijaliwa ulimi. Msibani huambiwa akae nyuma kabisa, kwa sababu akifungua mdomo waliofiwa hucheka, kisha wanaona haya.

Wa tatu ni Nesi Atupele, mkunga wa kituo cha afya, mtu wa Mbeya aliyeletwa pwani na kazi. Yeye alijaliwa subira. Ukimpelekea mtoto mwenye homa, atamtazama, atamgusa, atamtazama tena, mpaka wewe mama unapandwa na hasira. Lakini akishasema neno, neno hilo ndilo.

Kati ya hao watatu alikuwepo Saumu, mke wa Shomari. Bi Mafunda ni mkwewe, Chausiku ni wifi yake. Saumu alikuwa na mimba kubwa na hofu kubwa, na mwenyewe hakujua ipi imeizidi mwenzake.

Hofu hiyo ilikuwa na asili yake. Mtoto wake wa kwanza alimzalia mjini. Uchungu ulipomzidi aliomba sindano ya kutuliza maumivu, akapigwa, ikamlevya. Alikuwa kama mtu aliye chini ya kisima anayesikia watu wanaongea juu. Mtoto akazaliwa, akaishi mpaka alasiri, akaondoka. Hakuna aliyesema sindano ndiyo iliyomchukua, na Saumu naye hakusema hivyo. Lakini manesi walimwambia, "Alilia mara moja, tena kwa sauti nzuri." Yeye hakuisikia. Kila mtu aliyekuwa chumbani mle alimsikia mtoto wake isipokuwa yeye.

Kwa hiyo mimba ya pili ilipokua, alikwenda kwa Nesi Atupele.

"Nesi, safari hii sitaki sindano ya maumivu. Wala dripu ya kuongeza uchungu. Nataka niwe macho. Nimsikie."

Atupele aliivuta kanga ya Saumu akamfunika miguu, maana upepo ulikuwa ukiingia dirishani. "Unaogopa nini zaidi?"

"Mgongo. Ule uchungu ulinishika mgongoni nikaona nakatika. Halafu naogopa woga wenyewe, nikiogopa pumzi inanipotea. Halafu naogopa kuharakishwa."

"Hayo tutayapangia. Lakini na mimi nina langu. Nikiona wewe au mtoto mmefika pabaya, nitafanya linalotakiwa, iwe dripu, iwe gari la wagonjwa. Hapo hatubishani."

"Hatubishani."

"Na sikuahidi kitu, Saumu. Sina mkataba na Mungu."

Wakapanga. Mgongo alipewa Bi Mafunda. Woga alipewa Chausiku. Haraka aliichukua Atupele mwenyewe.

"Mbona mimi nimepewa woga?" Chausiku alilalamika. "Mama kapewa mgongo, kitu cha kushikika. Woga nitaushika wapi, mkiani?"

Saumu alicheka, lakini hofu haikwenda mbali. Mtoto akitulia tumboni kidogo tu, yeye alikunywa maji ya sukari akakaa kimya akingoja teke. Saumu alipokosa usingizi usiku, Bi Mafunda alikohoa chumba cha pili. Hakuwa na kifua. Alikohoa ili mkwewe ajue kwamba hayuko macho peke yake.

Sasa sikilizeni desturi ya Mtondoo, maana hadithi yote imekaa hapo. Mtoto wa kike hupewa jina na mama yake, na mwenye jina hilo huwa somo yake. Somo si wa kutajwa tu. Ndiye anayembeba mtoto siku ya saba anapotolewa nje, ndiye atakayemfunda akivunja ungo, na siku ya harusi ndiye atakayekaa ubavuni pake. Somo amepata mwana. Na jambo moja zaidi: jina ambalo mama amelitamka akiwa kwenye uchungu halirudi. Kulirudisha ni kama kumnyang'anya mtu mtoto mikononi.

Uchungu ulimshika Saumu asubuhi, akifua uani. Ulimshika mgongoni, palepale pa zamani. Akaacha nguo kwenye beseni, akashika ukuta.

Bi Mafunda akaja. Akasugua viganja, akavipaka mafuta ya nazi ya moto, akavikita kiunoni mwa Saumu. Uchungu ulipokuja alikandamiza, ulipokwenda alilegeza. Hakuuliza kitu. Alijua unakuja kabla Saumu hajasema, kwa jinsi nyama ilivyokaza chini ya vidole vyake. Jua lilipanda na mikono ile haikutoka. Mara moja Saumu alisema, "Mama, siwezi, nipelekeni nikapigwe sindano," na mikono ikashuka kidogo, ikapata mahali penyewe, na yale maumivu ya kukatika yakawa maumivu ya kubebeka. Walikuwa wawili tu pale uani. Saumu akaegemeza kichwa ukutani akasema, "Mama, wallahi, akiwa wa kike ni Mafunda."

Bi Mafunda alijipangusa macho kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Wakaenda kituoni kwa miguu, polepole, Shomari nyuma na mfuko wa kanga. Pale mlangoni Shomari akaambiwa akae kwenye benchi. Bi Mafunda naye mikono ilikuwa imechoka, akakaa kando ya mwanawe apate chai. Chausiku akaingia na wifi yake.

Hapo ndipo Saumu alipokiona kitanda. Kilikuwa cha chuma, kirefu, na mpira mweusi juu yake, sawasawa na kile cha mjini. Chumba cha jirani mwanamke akapiga ukelele. Pumzi ya Saumu ikaingia, ikakataa kutoka. "Sindano," alisema. "Chausiku, waambie waniletee sindano. Huyu naye atakufa."

Chausiku alimshika mashavu akamgeuza uso. "Wifi, nitazame mimi. Mimi mbaya wa sura, lakini si mbaya kama hicho kitanda. Umewahi kuwasha makumbi mabichi ya nazi?"

"Chausiku, siwezi…"

"Nakuuliza, umewahi au hujawahi? Moshi mtupu, eti? Basi puliza. Jiko linazima, mumeo ana njaa, mama mkwe ananuna. Puliza! Hivyo ni kupuliza au ni kubusu? Puliza, mvivu wee!"

Saumu akapuliza. Pumzi iliyokwama ikatoka. Uchungu ulipokuja tena Chausiku aliinamia sikio lake: "Jiko hilo, jiko hilo, puliza," na ulipokwenda alimtania Shomari, kwamba yuko nje kwenye benchi ameshika tumbo kama yeye ndiye anayezaa. Sauti ilianza kumkauka, akaendelea nayo hivyo hivyo, imepasuka. Saumu akajikuta anacheka, anacheka na machozi yanatoka, na sindano ameisahau. Akamshika wifi yake mkono. "Akiwa wa kike, ni Chausiku. Umenisikia? Chausiku."

Mnasema alikwishamwahidi mwingine? Ni kweli. Lakini muulizeni mwanamke yeyote aliyezaa: ule uchungu wa asubuhi ulikuwa wa mtu mwingine, wa zamani. Saumu hakudanganya. Alikuwa anashukuru, basi.

Adhuhuri ikaingia, uchungu ukapungua nguvu. Ukaja kwa mbali, ukakawia. Chausiku akatumwa kuchota maji, na akirudi angoje nje. Daktari wa kituo akaingia, akatazama, akasema, "Nesi, huyu amechoka. Mtundikie dripu tumalize."

Saumu alimtazama Atupele.

Atupele alivua viatu, visije vikalia sakafuni. Akaweka kijipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni mwa Saumu, akakitegea sikio, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Akamshika Saumu kifundo cha mkono akahesabu mapigo, akamtazama midomo, akampima joto, akarudi kwenye tumbo akasikiliza tena. "Daktari," alisema, "moyo wa mtoto uko vizuri. Mama hana homa, damu haitoki, mapigo yake mazuri. Hajakwama, amepumzika. Naomba tusubiri kidogo. Sitoki hapa, na kikibadilika chochote nakuita."

"Na kikibadilika ghafla?"

"Nitakuwa nimeweka sikio hapa."

Daktari alisita. "Haya. Lakini ni juu yako."

"Ni juu yangu."

Atupele akamteremsha Saumu kitandani, akamwekea mkeka, akampa chai ya sukari kwa kijiko. Akachuchumaa mbele yake, akawa anasikiliza, anasubiri, anasikiliza. Jasho lilimtoka kuliko hata mwenye mimba. Hapo Saumu akaelewa kwamba mtu huyu naye anaogopa, na ameukalia woga wake ili yeye apate nafasi. Akamnong'oneza, "Nesi. Akiwa wa kike, ni Atupele."

"Nyamaza, usipoteze nguvu," Atupele akasema. Lakini alisikia.

Uchungu ukarudi, mkubwa, wa kweli. Saumu akapiga magoti, akashika shingo ya nesi, na mtoto akaja.

Akaja kimya.

Saumu alisikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Alisikia kuku nje ya dirisha. Alisikia kila kitu duniani isipokuwa kile alichokitaka. Atupele alikuwa anampangusa mtoto kwa kitenge, mgongoni, kifuani, mgongoni tena, haraka sasa, haraka kuliko alivyowahi kuonekana. "Haya, bibi," alisema kwa sauti ya chini. "Haya, bibi, mama yako anakusikiliza."

Mtoto akalia.

Alilia kwa sauti nyembamba, halafu pana, halafu ya hasira. Saumu alifunika mdomo wake kwa mikono miwili ili asilie naye, asije akaifunika sauti ile. Aliisikia yote, toka mwanzo wake. Alikuwa wa kike.

Jioni Bi Mafunda aliingia amejifunga kanga mpya. "Nipeni Mafunda wangu nimwone."

Chausiku akageuka. "Mafunda yupi, mama? Huyo ni Chausiku."

"Chausiku aliyezaliwa mchana kweupe? Watu watatucheka."

"Watucheke tu, ndiyo kazi yangu. Kaniahidi mwenyewe, kanishika mkono huu."

"Na mimi aliniahidi mikono hii ikiwa kiunoni mwake!"

Wote wawili wakamtazama Saumu, na Saumu akamtazama nesi aliyekuwa anakunja mkeka. Atupele akasema, "Jina langu ni la mbali, mama. Litawasumbua." Alisema hivyo huku amewapa mgongo, na alikunja mkeka ule ule mara mbili.

"Na wewe pia?" Chausiku aliuliza. "Wifi, ulikuwa unazaa au unagawa pipi?"

Hakuna aliyecheka, hata Chausiku mwenyewe. Yeye ana miaka kadhaa ya ndoa, na hajawahi kuitwa mama na mtu.

"Tumwite yote matatu," Shomari akasema mlangoni.

"Siku ya saba anabebwa na mikono ya mtu mmoja," mama yake akamjibu. "Rudi kwenye benchi lako."

Siku zikapita, na Saumu hakulala vizuri hata moja. Alimnyonyesha mtoto asiye na jina akiwaza, nikimpa huyu, nimemnyang'anya yule. Wote watatu waliendelea kuja. Mmoja alimkanda tumbo, mmoja alimchekesha, mmoja alitazama kitovu cha mtoto. Hakuna aliyelitaja jina, na kule kutotaja ndiko kulikomchoma zaidi.

Leo ni siku ya saba. Ua umejaa watu, sinia la halua limefunikwa, mwalimu wa madrasa ameinamisha sikio alisikie jina. Saumu amesimama kizingitini na mtoto, na wanawake watatu wako mbele yake. Bi Mafunda ameanza kusugua viganja. Chausiku amenyamaza, na hilo halijawahi kuonekana. Atupele amesimama nyuma ya watu, karibu na njia, kama mtu aliye tayari kuondoka.

Ukiniambia ni Mafunda, kwa kuwa aliahidiwa kwanza, nitakuuliza: mikono yake ilikuwa wapi Saumu alipokiona kitanda? Ukiniambia ni Chausiku, kwa kuwa aliifukuza sindano, nitakuuliza: angeifukuza dripu kwa masihara? Na ukiniambia ni Atupele, kwa kuwa alibeba hatari, nitakuuliza: angemsubiri nani, kama wale wawili wasingemfikisha Saumu mpaka pale? Na msiniambie wote, maana mtoto ni mmoja, na anatolewa nje sasa hivi.

Saumu amefungua mdomo. Haya, mlioketi hapa: ungekuwa wewe, ungemweka mtoto mikononi mwa nani, na hao wawili waliobaki ungewaambia nini?