Brashi ya Marehemu Zuwena

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, msinitolee macho, Pangani palikuwa na mwanamke akiitwa Zuwena. Juu ya meza yake ya kioo alipanga seti ya kujipambia: trei, kioo cha mkono, kitana, kopo la poda na brashi, vyote vyeupe. Watu wakasema ni pembe ya ndovu, naye akawaacha waseme.

Zuwena akafa siku aliyomzaa binti yake wa pili, Thureya. Kwa desturi, wanawake waliomwosha maiti wakagawiwa vitu vyake. Seti ikatawanyika.

Binti mkubwa, Mwanakheri, alipokuwa mtu mzima akaanza kuitafuta. Akaenda Muheza, akapata trei, akatoa kanga zake. Akaenda Tanga, akapata kioo, akatoa vipuli vyake. Akaenda Bagamoyo, akapata kitana na kopo, akatoa cherehani. Mumewe akasema, "Mke wangu, mwisho utanitoa na mimi!"

Siku moja akaichoma trei kwa sindano ya moto, apime. Pembe ya kweli haiyeyuki. Sindano ikazama, ikatoka harufu ya kafuri, ileile ya siku ya mazishi. Kumbe ni ya kuigiza, plastiki ya zamani iliyotiwa kafuri! Akalia sana, kisha akaendelea kutafuta.

Brashi akaikuta Pangani palepale, kwa Bi Kibibi, mmoja wa waliomwosha mama yake. Unywele mmoja wa Zuwena ulikuwa umejisokota ndani yake.

Mwanakheri akasema, "Nipe, mama. Nimezunguka miaka ishirini, imebaki hii tu. Nataka meza ya mama irudi kama alivyoiacha."

Bi Kibibi akasema, "Wenzangu waliuza, mimi sikuuza. Sikuiosha hata mara moja, unywele usitoke. Zuwena alikuwa shoga yangu, mwanangu. Nami nibaki na nini?"

Thureya, aliyefuatana na dada yake, akasema, "Dada, wewe unaikumbuka sauti yake. Bi Kibibi, wewe unaikumbuka sura yake. Mimi nilikuja, yeye akaondoka. Sitaki seti. Nataka huo unywele."

"Bila unywele hiyo ni plastiki tu," akasema Mwanakheri.

Wakalia wote watatu. Brashi iko mkekani, hakuna aliyenyoosha mkono.

Nami nimekwama hapo. Haya, nyinyi mnaojua kuhukumu: aliyetafuta, aliyetunza, au aliyekosa? Je, nani aliistahili?