Sala Isiyozaa

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mwenye kusitiri lile linalopaswa kufunuliwa hujinyima hata lile analolililia. Msimamizi wa chumba cha kufulia katika hospitali moja kubwa aliijua methali hiyo tangu utotoni, tena aliwahi kuwacheka wengine kwayo. Hakujua kwamba siku moja ingemkaba koo yeye mwenyewe.

Chumba hicho kilikuwa na joto kama tanuri. Mashuka yaliyofuliwa yalipitishwa mabichi katikati ya magogo mawili ya chuma yenye moto, yakatokea upande wa pili yamenyooka. Mbele ya magogo hayo palikuwa na kinga ya kuzuia mikono. Asubuhi moja kazi ilipomzidi, msimamizi aliifungua kinga hiyo ili mashuka yapite upesi, kisha akaenda stoo kutafuta sabuni bila kumwambia mtu. Aliporudi alimkuta wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume, aliyekuwa mfanyakazi humo, amenaswa mkono wa kulia. Ulikatwa siku hiyo hiyo, juu kidogo ya kiwiko.

Wakubwa walipouliza ni nani aliyefungua kinga, msimamizi alijibu kwamba alimwona wifi yake akiifungua. Neno lilimtoka upesi, kama mtu anayejikinga na kofi. Likaandikwa. Wifi akaachishwa kazi kwa uzembe angali kitandani.

Kwaresima ilipoingia, msimamizi alipakwa majivu akaazimia kusali kuliko miaka yote. Alifunga kula hadi jioni. Hakukosa misa ya alfajiri, na kila Ijumaa aliifuata Njia ya Msalaba kituo kwa kituo, akipiga magoti kwenye sakafu tupu mpaka yakachubuka. Wenzake walimtania kwamba akiendelea hivyo padri atakosa kazi. Alimwombea wifi yake apone, akamwombea mdogo wake asikate tamaa. Lakini ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Kila alipofika kwenye maneno "utusamehe makosa yetu", ulimi uliganda, akayaruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Wiki ya tatu alimwendea padri, akamweleza kwamba anasali sana ila moyo umekauka. Padri alimuuliza anamwombea nani. Akamtajia. Padri akamuuliza tena, kuhusu nafsi yake mwenyewe humwambia Mungu nini. Msimamizi akatazama viatu vyake.

"Mama," padri alisema, "ukienda kwa daktari ukamwonyesha mguu mzima, ule wenye kidonda atautibu nani?"

Alitoka maneno hayo yakimchoma, lakini akajiambia kwamba angengoja Pasaka ipite. Akaongeza rozari ya pili.

Jumapili iliyofuata alikwenda kumjulia hali wifi yake. Alimkuta ukingoni mwa kitanda, akijaribu kujifunga kitambaa kichwani kwa mkono mmoja na meno. Msimamizi akakichukua, akamfunga. Mdogo wake alikuwa ametoka kutafuta kibarua. Wakazungumza mawili matatu kuhusu watoto, na kuhusu vidole ambavyo havikuwapo tena lakini bado vilimwasha. Kisha wifi akainamisha kichwa.

"Wifi, wewe ni mtu wa sala. Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kutubu. Kila siku namwomba Mungu anisamehe kwa kuifungua ile kinga. Mimi sikumbuki kuifungua, lakini wewe uliniona. Mume wangu naye anasema nimewaponza watoto. Sasa mtu anatubuje kosa asilolikumbuka?"

Msimamizi angeweza kumfundisha. Sala ya kutubu aliijua yote, na mwanamke yule angeishika, angeisema mpaka anaingia kaburini, amebeba mzigo usio wake. Hapo ndipo alipoona alichokuwa akikifanya siku zote zile za mfungo: alikuwa akimwombea afya mtu ambaye bado alikuwa amemkaba shingo.

"Hukuifungua wewe," alisema. "Ni mimi. Sikukuona ukifanya lolote. Nilisema uongo."

Wifi hakulia wala hakupaza sauti. Alianza kukifungua kile kitambaa, taratibu, kwa mkono wake mmoja, akakiweka kando.

"Nenda ukawaambie wao," alisema. "Na usirudi hapa mpaka nikuite."

Jumatatu alisimama mbele ya wakubwa wale wale akayasema yote. Alifukuzwa kabla ya saa sita. Jina la wifi likasafishwa na haki yake akapewa, ila mkono haukurudi. Mdogo wake alimpita njiani kama anayepita nguzo.

Ijumaa Kuu ilimkuta benchi la nyuma kanisani, hana kazi, hana ndugu wa kumsalimu, wala hakuna aliyekuwa amemwita. Hakuwa na rozari mkononi. Hakutafuta maneno mazuri. Alisema, "Bwana, mkono wa yule mwanamke niliukata mimi," na yale maneno ya kuomba msamaha yaliyokuwa yakimshinda yakamtoka yote, huku machozi yakimdondokea magotini. Wifi hakuwa amemsamehe, na pengine asingemsamehe kamwe. Lakini sala ilikuwa imezaliwa, kwa uchungu na kwa kuchelewa, siku ile tu alipokubali kuonekana alivyo. Ama kweli, mficha uchi hazai.