Jiwe la Kusagia la Bi Rumaila

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba askari mmoja aitwaye Wabisa alisimama mbele ya Amiri Hazim, mkuu wa ngome, sauti imepanda mpaka watumishi wakaacha kula.

“Dirhamu thelathini, Amiri! Si zangu mimi. Za Bi Rumaila.”

“Punguza makelele. Yule mama ametoa jiwe lake katika njia ya Allah. Leo unataka kuipigia bei thawabu yake?”

“Hakutoa! Nililichukua mimi, kwa amri yako!”

Na ndivyo ilivyokuwa. Mji ulikuwa umezingirwa siku hamsini na tatu. Watu walichemsha ngozi za viatu wakanywa mchuzi wake. Maadui wakasogeza gogo la kuvunjia lango, wamelifunika ngozi mbichi lisishike moto, na juu ya ukuta mawe ya kutupa yamekwisha. Amiri akaamuru yakusanywe mawe ya kusagia, nyumba kwa nyumba, kila moja kwa dirhamu thelathini, zitakazolipwa vita vikiisha.

Bi Rumaila alikuwa mjane aliyewasagia watu ngano ili apate riziki. Wabisa alipofika kulichukua jiwe lake, alilikumbatia. “Mwanangu, hili ndilo linalonilisha. Nani atanilipa?”

Wabisa akaapa kwa jina la Mola wake kuwa atalipwa. Akalibeba mgongoni hadi juu ya lango, akaliachia. Gogo likakatika vipande viwili. Baada ya siku nane maadui waling'oa mahema yao.

Sasa mjane ameshitaki kwa kadhi kwamba hakulipwa, na shahidi ni Wabisa.

“Sikiliza,” Amiri akalainisha ulimi. “Kesho mwambie kadhi ilikuwa sadaka. Farasi wangu wa kijivu atakuwa wako.”

Mkono wa Wabisa ukarukia mpini wa upanga. Kisha akakumbuka kwamba aliapa kulipa, hakuapa kuua. Akajikinga kwa Mola wake dhidi ya shetani, akauachia mpini, akatoka bila kuaga.

Akaenda moja kwa moja kwa mjane, akambwagia mlangoni deraya yake, vazi lake la chuma la vitani. “Uza hii, mama, yaishe.”

“Yaishe vipi? Ukilipa wewe, yeye atalala usingizi mnono na kujiita mcha Mungu. Beba chuma chako, baba. Kesho sema kweli tu.”

Enyi ndugu, mwizi wa usiku angalau anajua kuwa ni mwizi. Huyu aliyekula jasho la mjane kisha akalitia jina la Mungu juu yake, huyo anataka na dua tumwombee! Hasira ya Wabisa haikuwa dhambi, kwa kuwa aliifunga kamba akaipeleka mbele ya haki.

Kesho yake, Amiri akiwa amehudhuria, kadhi akamwita shahidi. Wabisa hakuwa na upanga. Akatoa ushahidi wake wote, kiapo na amri na farasi wa kijivu, kisha akamgeukia Amiri, akanyoosha kiganja.

“Dirhamu thelathini za Bi Rumaila. Lete.”