Mayai Yaliyoungua Angani

Hapo zamani, lakini si zamani sana maana ndege zilikuwapo, aliishi mfugaji mmoja aitwaye Mzee Ng'wandu. Alikuwa na fahali, jina lake Sultani, na alimpenda waziwazi kuliko wakwe zake wote.

Siku moja alikodi ndege ndogo avuke ziwa kwenda kumwoza binti yake. Ndege ilikuwa imelala uwanjani mwezi mzima. Rubani, Kapteni Shija, alitaka kufungua injini aikague.

"Harusi haingoji vyuma," akasema Ng'wandu.

Basi injini haikufunguliwa. Wakapanda watatu: rubani, mzee, na Nyanzobe, mpishi wa harusi. Ndege ikaruka. Hawajafika hata juu ya maji, Nyanzobe akanusa.

"Kapteni, mayai yanaungua."

"Mama, humu hamna jiko."

"Nimekaanga mayai miaka thelathini. Yanaungua. Geuza."

"Mshale wa joto uko sawa."

"Huo mshale haujawahi kupika. Geuza, mwanangu."

Shija akageuza, kwa kuchoka kubishana tu. Mara injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Ng'wandu aliogopa mpaka akasahau jina la bibi harusi. Akakumbatia kiti, akapaza sauti: "Atakayenirudisha chini mzima, Sultani ni wake!" Wenzake wote wawili wakasikia.

Shija akaitelezesha ndege bila injini juu ya mapaa ya watu, akaitua kwenye jaruba la mpunga. Wakatoka na tope hadi masikioni, wazima wote.

Ndege ilipokokotwa hadi uwanjani na fundi akaifungua injini, ndani mlikuwa na kiota, na mayai sita meusi kama makaa. Bi Minza, mlinzi wa uwanja, akachungulia. "Kumbe kuku wangu alikuwa anatagia huku."

Ng'wandu alitaka kumfokea, fundi akamzuia. "Kiota hakina kosa, mzee. Mpira wa oili umepasuka kwa uchakavu. Bila harufu ya mayai, mngejua mkiwa katikati ya ziwa."

Ng'wandu akamfikiria Sultani, moyo ukamuuma. Akajaribu bahati yake: "Maneno ya angani yabaki angani."

"Ahadi ni deni," akajibu Nyanzobe, "hata ikitolewa mawinguni."

Shija akasema, "Ulimtaja atakayekurudisha chini. Nani alishika usukani?"

Nyanzobe akasema, "Uliushika ukielekea ziwani. Nani alisema geuza?"

Bi Minza naye akasema, "Na wewe ulinusa nini? Mayai ya nani?"

Mpaka sasa Ng'wandu amesimama zizini, kamba mkononi, Sultani akimlamba kiwiko. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, na kuku anadonoa miguuni. Fahali hagawanyiki, akigawanywa ni mchuzi.

Haya, nyinyi mlionyamaza kana kwamba hamjui kunusa: kamba hiyo apewe nani?