Maji ya Bwawani Yaliyogoma Kushuka

Enzi zile wanyama walikuwa wakisema, ingawa kusikilizana kulikuwa kwa nadra, mvua zilikosa misimu miwili na bonde zima likabaki na bwawa moja. Sungura alichomeka mti bwawani, akautia alama kumi kuanzia chini, na kila asubuhi akasoma maji yamefika wapi. Baada ya mwezi aliwaambia wenzake kuwa kwa mwendo ule hawataiona mvua. Wakakubaliana kwamba maji yakishuka chini ya alama ya sita, watoto na wanaonyonyesha watakunywa kwanza, na wengine watapata mafunda mawili tu.

Fisi aliposikia mafunda mawili, alimwendea Simba akamnong'oneza kuwa si heshima bwawa la mfalme kusomwa na kiumbe mdogo vile. Simba, asiyependa kuambiwa kuwa chake kinapungua, alimpa Fisi kazi hiyo papo hapo.

Maji yalipokaribia alama ya sita, Fisi aliukalia mti. Ukazama topeni, na maji yakasoma kumi. Tangu hapo kila alfajiri aliukalia, akatangaza kumi, kisha akanywa mpaka tumbo likaburuza chini. Hakuwahi kuona kazi tamu kama ile.

Wanyama nao waliuamini mti kuliko macho yao. Kiboko, aliyesimama kwenye tope la vifundoni, aliwaomba radhi wapita njia kwa kutoweza kuongea vizuri, kwani maji yamemfika shingoni. Kambare walihamia nchi kavu wakisema wanakimbia mafuriko. Mtoto wa Swala alilamba jiwe siku nzima, na mama yake akamwambia asilie, bwawa limejaa. Sungura alipomwona, alikwenda kwa Simba.

"Mfalme, maji mengi hivi na bado hatujayafanyia sherehe? Msoma maji mwenyewe aifungue, apige mbizi kutoka mwambani."

Simba akaafiki, akawaita wote bwawani. Fisi alisema ana mafua.

"Au hayatoshi, Bwana Fisi?" Sungura akauliza.

Fisi aliziangalia kucha za Simba. Kukiri ni kuraruliwa. Na kwa kuwa alikuwa ametangaza kumi siku nyingi, naye alishaanza kuamini. "Kumi ni kumi," akasema, akapanda mwambani, akaruka.

Alizama kichwa na mabega, miguu ya nyuma ikabaki inapiga hewa. Kiboko alimtazama, akaitazama miguu yake mwenyewe, akaangua kilio.

Sungura aliung'oa mti, akausimamisha palipo pagumu. Alama moja. Akapiga hesabu mbele ya wote: wakinywa watoto na wanaonyonyesha peke yao, yatadumu siku kumi na mbili, na huenda wingu likatokea. Simba alisogea nyuma bila kunguruma, mtoto wa Swala akapita mbele yake.

Fisi alipovutwa nje, tope likiwa limemjaa masikioni, aliulizia mafunda yake mawili.

"Yako umeshayanywa," Sungura akamjibu, "na ya huyu mtoto pia."