Ndoo ya Anayemaliza Kwanza

Mtoto akimaliza hesabu kabla ya wenzake, ninyi humpa nini?

Basi paukwa. Itikieni pakawa, hata kwa miayo, maana nami nimechoka.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule, Mwalimu Korongo alifundisha peke yake bondeni. Darasa lilijaa hadi watoto wa panya wakakalia migongo ya watoto wa nyati. Korongo alishinda amesimama kwa mguu mmoja, na jioni miguu yote miwili ikamuuma.

Mle darasani alikuwamo binti mmoja, Pimbi. Chaki haijatua mezani, Pimbi keshamaliza hesabu, anauliza kama kuna nyingine. Nyingine hazikuwapo. Kuzitunga kulitaka jioni nzima, na jioni za Korongo ziliishia kusahihisha kazi za wengine. Lakini shule ilikuwa na desturi yake: anayemaliza kwanza huchukua ndoo akamchotee mwalimu maji mtoni. Waliiita heshima.

Siku ya kwanza Pimbi akamaliza kwanza, akaenda mtoni. Siku ya pili akamaliza kwanza, akaenda mtoni. Siku ya tatu akamaliza kwanza, akaenda mtoni, akakawia. Korongo alipomfuata alikuta amepanga mawe kutoka ukingo huu hadi ule, na maji yamegawanyika yakipita katikati yake kwa adabu. Pimbi alikuwa amevuka na kurudi, miguu mikavu. Korongo akamwambia afanye haraka, chai inangoja.

Baada ya hapo Pimbi akaanza kumaliza wa pili. Kisha wa kumi. Mwishowe akawa anamaliza pamoja na mtoto wa Kiboko, ambaye kilichomzuia kulala darasani ni nzi tu. Korongo aliona. Akajiambia kwamba mtoto ametulia.

Ndipo akaja Mkaguzi Tembo, kutoka shule iliyo juu ya mlima, kule ambako watoto wenye vipaji hupewa maswali hadi washibe. Alikuwa na nafasi moja, na asingerudi mpaka watoto hawa wazeeke. Wazazi wakajaa uani. Mama Kasuku alikuwa ameshamfungia mwanawe sanduku.

Tembo akauliza swali moja tu: mto umefurika na daraja limekwenda na maji, mtavukaje mje shuleni?

Mtoto wa Kasuku akasimama, kifua mbele. "Mto ni maji mengi yatiririkayo kutoka juu kwenda chini."

Wazazi wakapiga makofi. Tembo akarudia swali, Kasuku akarudia mto. Mara ya tatu makofi yakawa ya mama yake peke yake.

Korongo akageukia nyuma ya darasa. "Pimbi mwanangu, hili unalijua."

Pimbi akautazama mto dirishani, akaitazama ndoo mlangoni. "Sijui, Mwalimu."

"Unalijua."

"Nikijua nitapewa ndoo."

Watoto wakacheka. Tembo hakuelewa, akafunga mkoba wake. Alisema kwa upole kwamba hapa hakuna mtoto wa kwenda naye, wala si kosa la mtu, huenda ni maji ya huku. Mama Kasuku akaafiki kwamba ni maji. Wazazi wote wakaafiki kwamba ni maji. Na Korongo naye angeweza kuafiki. Lilikuwa neno jepesi, na alitamani mno kukaa. Akabadilisha mguu. Akabadilisha tena. Mara ya tatu akaiweka yote miwili chini.

"Si maji, Bwana Mkaguzi."

Tembo, aliyekwisha fika mlangoni, akasimama kando ya ndoo.

"Mtoto yupo," Korongo akasema. "Alimaliza kila nilichokuwa nacho, na kumtungia kingine nikaona kazi. Kila alipojua, nilimpa hiyo ndoo. Mimi ndiye niliyemfundisha kutojua."

Hadithi yangu inatua hapo, pamoja na ndoo yake.