Kima cha Chini Kimepanda

Hapo zamani, watu walipokuwa wakipimiwa ujira kwa kibaba, palikuwa na sultani wa mji wa Tondooni, jina lake Shekuwe, mtu mcheshi sana, ila ana mkono wa birika. Ikawa anajenga jumba, na vibarua waliomchomea chokaa akawalipa kibaba kimoja cha mtama kwa siku. Hicho kiliitwa kima cha chini, na cha juu hakikuwapo. Mwenye watoto aliwapikia uji mwepesi hata mtu akiinama chunguni anajiona uso.

Miongoni mwao alikuwako Machano, fukara wa kutupwa, lakini ulimi hakunyimwa. Mkewe, Bi Mize, alikuwa amejifungua pacha, na maziwa hayatoki kwa njaa. Siku moja akamwambia, "Baba Pacha, maneno yako matamu, lakini hayaliwi. Nenda kwa Sultani, watoto wanatuishia hawa."

Machano akenda barazani, akamkuta Sultani akimmenyea ndizi mnyama wake, aliyempenda kuliko hata Waziri. Akasema, "Bwana wangu, Mungu akuweke. Vibarua wako tunaomba kima cha chini kipande, tupate vibaba viwili."

Waziri Feruzi akadakia, "Haba na haba hujaza kibaba!"

"Kweli, Mheshimiwa," akajibu Machano, "kibaba hujaa upesi. Tumbo ndilo linalotusumbua."

"Bwana, usivisikilize vibarua hivi," akasema Waziri kwa hasira. "Vikishiba vitakuwa vivivu. Vipe viwili leo, kesho hutakiona hata kimoja tanurini!"

Sultani, aliyependa mzaha, akanena, "Sikiza, ewe Machano. Kima cha chini hakijapata kupanda tangu enzi ya babu yangu. Lakini Ijumaa ukinionyesha hapa, mbele ya watu, kima cha chini kikipanda chenyewe, nitawapa viwili. Ukishindwa, utachoma chokaa mwaka mzima bure."

"Nimeridhia, Bwana."

Watu wakaguna, maskini, kajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Naye Bi Mize aliposikia akalia, "Yarabi! Hata hicho kimoja umekipoteza!"

Basi Ijumaa baraza ikafurika. Machano akasujudu, akasema, "Bwana, niazime mnyama wako." Akapewa, akamweka sakafuni, akawageukia watu. "Jamani, mnyama huyu ni nani?"

"Kima!"

"Yuko wapi?"

"Chini!"

Hapo Machano akatoa ndizi kifuani, akaichomeka kilembani mwa Waziri. Kabla mtu hajamaliza kusema lahaula, kima yuko juu ya kichwa cha Waziri, anamenya ndizi, na maganda yanamdondokea Mheshimiwa puani.

"Bwana wangu," akasema Machano, "kima cha chini kimepanda."

"Mwongo huyu!" akafoka Waziri, kilemba upande. "Huyu ni mnyama! Ni kima *wa* chini, na husemwa *amepanda*. Bwana alisema *cha* chini! Hata mtoto wa chuoni ajua!"

Machano akainama. "Umesema kweli, Mheshimiwa. Kima ni mnyama, nawe umemwita *huyu*. Sisi ni watu, ukatuita *hivi*. Lugha nzuri unayo, kumbe, ila sisi ulitunyima. Na tena, huyu hula ndizi kila siku wala hajachoma hata jiwe moja. Shibe ingekuwa yaleta uvivu, angefika huko juu?"

Sultani akacheka hata machozi yakamtoka. Kisha akamtazama kima, akamtazama Machano na mbavu zake, kicheko kikamwishia, akaona haya.

"Waziri," akasema, "umefungwa na kinywa chako. Tangu leo kibarua atapata vibaba viwili. Na mgonjwa, na mkongwe, na mzazi mwenye mtoto mchanga, kila mmoja atapata kibaba chake hata asipofika tanurini. Haiwezekani kima wangu ale bure na mtu wangu afe njaa."

Machano akarudi kwake na mtama begani, Bi Mize akapika. Uji ulipoiva akainama juu ya chungu, akatazama sana, mara akaangua kicheko.

"Baba Pacha, mbona leo sijioni?"

"Usijione, mke wangu," akasema Machano. "Kula."